Daftari la Sindano

4 Machi

Mvua imeanza leo saa nne asubuhi, nikiwa katikati ya kushona pindo la shuka. Kufikia mchana korido ya dobi ya hospitali ilikuwa imejaa nguo mbichi, kwa sababu mashine moja ya kukausha imekufa tangu mwezi jana na ile nyingine hufanya kazi ikipenda.

Daftari hili lilikuwa la dada yangu. Kurasa tatu za mwanzo aliziandika yeye: orodha ya vitu vya sokoni, namba ya simu ya fundi bomba, na sentensi aliyoiacha njiani, "Kesho nisisahau ku". Miaka minne imepita tangu afariki. Nimeanzia ukurasa wa nne. Sijui hasa nataka kuandika nini. Nitaandika siku zinavyokwenda.

5 Machi

Mvua. Mashuka kumi na tisa.

8 Machi

Mama Sinia wa chumba cha MRI amekuja kudai magauni ya wagonjwa. Jina hilo tumempa sisi watu wa chumba cha nguo, kwa sababu kazi yake ni kusimama mlangoni na sinia la plastiki, apokee kila chenye chuma kabla mgonjwa hajaingia: hereni, pini za nywele, saa, mkanda, sidiria yenye waya. Ile mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili ni sumaku kubwa, haizimwi, na haina urafiki na chuma. Magauni ya wodini yana vifungo vya chuma, kwa hiyo chumba chake kina magauni yake ya kijani, ya kufungwa kwa kamba za kitambaa. Sasa mvua haiyaachi yakauke.

"Fundi, nina wagonjwa sita kesho na magauni mawili. Niwavishe mapazia?"

"Mapazia nayo nashona mimi."

"Basi nayo yatachelewa."

Simpendi sana mama huyu. Ana sauti ya kengele ya shule, na hukagua mishono yangu kama mtu anayemtoa kasoro mbuzi ili apunguziwe bei. Lakini alichokuja kudai ni haki yake. Msimamizi ametoa kitambaa: magauni kumi na mawili, yenye namba, yanayofunguka mbele, kwa ajili ya wanaopigwa picha ya matiti.

11 Machi

Hapa kwetu ipo sheria moja inayozidi zote. Sindano ya cherehani ikivunjika, unasimamisha kazi, unatafuta vipande vyote, unavibandika kwa selotepu kwenye daftari la sindano, unaandika tarehe na kutia sahihi. Kipande kikikosekana, nguo uliyokuwa unashona haitoki mpaka ipitishiwe sumaku, pindo kwa pindo. Nimefanya hivyo miaka kumi na saba. Dada alikuwa akinicheka: "Sindano zako zinazikwa kwa heshima kuliko watu."

Leo sindano ilivunjika saa tano na nusu, kwenye gauni la saba, na simu ikaita hapohapo. Alikuwa Chiriku, binti wa dada. Mama yake alimpa jina hilo kwa sababu ya mdomo wake usiotulia. Sasa ana miaka arobaini na mmoja, anafundisha hesabu shule ya msingi, na bado ni Chiriku.

"Mjomba, umekaa au umesimama?"

"Nimekaa. Nashona."

"Majibu ya kile kipande cha nyama walichonitoa titini yametoka. Ni saratani. Lakini ni ndogo, Mjomba. Sentimita moja. Daktari anasema tumeiwahi mapema. Hiyo 'mapema' ameirudia mara nne, nimehesabu."

"Titi gani?"

"La kushoto. Kama Mama."

Nikamuuliza kama amekula. Sijui kwa nini niliuliza hivyo. Akasema amekunywa chai, na kwamba anarudi darasani kwa sababu darasa la nne halijui kugawanya na likiachwa peke yake litagawana ngumi. Akacheka kidogo, akakata simu.

Nilijikuta nimeshika kichwa cha sindano kiganjani. Kipande cha kati kilikuwa mezani. Ncha sikuiona. Nilipapasa chini ya meza, nikapapasa mapajani. Kisha nikabandika vile vipande viwili, na kwenye safu ya mwisho nikaandika "vyote vimepatikana", nikatia sahihi. Nilichotaka ni kuinuka tu kwenye kile kiti. Ncha nitaitafuta kesho.

12 Machi

Nimepitisha sumaku sakafuni. Imeokota pini mbili na kifungo. Ncha hakuna, huenda ilikwenda na ufagio. Mama Sinia alikuwa ameshayachukua magauni yote saa moja asubuhi, yakiwa bado na joto la pasi.

15 Machi

Nimekwenda kwa Chiriku. Mume wake, fundi umeme, mtu wa maneno machache, alinifungulia mlango, akanipa kiti, akarudi kutengeneza pasi ambayo nadhani haikuwa mbovu.

Chiriku alinieleza ugonjwa wake kama anayefundisha darasa la nne. Alichora miduara miwili nyuma ya karatasi ya mtihani.

"Nyama ya matiti yangu ni nzito. Kwenye eksirei nyama nzito inatoka nyeupe, na uvimbe nao unatoka mweupe. Ni kama kutafuta chaki kwenye unga."

"Sasa huo waliuonaje?"

"Niliugusa mwenyewe, naoga. Ndiyo maana daktari wa upasuaji anataka MRI kabla hajashika kisu. Wanakuchoma dawa mkononi, dawa inakwenda na damu. Saratani ina kiu, inaiwahi dawa kuliko nyama nyingine, kwa hiyo inang'aa. Anauliza maswali matatu: uvimbe una ukubwa gani hasa, una mwenzake, na je, titi la pili liko salama?"

"Ukiwa peke yake?"

"Anatoa kipande tu, kisha mionzi. Titi linabaki." Akapaka kiduara kimoja rangi. "Picha isipopatikana, anasema kwa historia ya Mama na kwa nyama hii isiyosomeka, yeye angeshauri titi zima. Asije akaacha kitu ndani."

Ile pasi iliyokuwa ikitengenezwa ilitulia.

"Nalitaka titi langu, Mjomba. Usinicheke."

"Sicheki."

"Na amenionya, mashine hiyo ina macho makali kupita kiasi. Inaweza kung'arisha kitu kisicho na neno. Kwa hiyo itakachoonyesha kitapimwa kwa sindano kwanza, ndiyo waamue."

Dada walimtoa uvimbe mmoja. Mwaka uliofuata ukaonekana wa pili, titi lilelile, mkubwa. Hakuna aliyeweza kusema ulianza lini. Wakati ule mashine hii haikuwapo hapa.

Nimekumbuka jambo dogo njiani. Macho yangu yalipoanza kuchoka, dada alikuwa akija kila Jumapili ananitilia uzi sindano za mkono kumi na mbili, anazichomeka kwenye kipande cha sabuni, zinitoshe wiki nzima. Hata alipokuwa mgonjwa aliniletea sabuni hiyo. Sindano mbili za mwisho sijazitumia.

18 Machi

Mvua. Mashuka ishirini na mbili.

20 Machi

Chiriku amepangiwa tarehe 24. Siku imechaguliwa kwa kuhesabu tangu hedhi yake, kwa kuwa katika wiki ya pili nyama ya titi hutulia na picha husomeka vizuri. "Mjomba, sasa hata kalenda yangu imo kwenye faili," aliniambia. "Kimebaki kichwa changu tu, nacho hawakitaki." Upasuaji umepangwa tarehe 9 Aprili.

24 Machi

Leo nitaandika kwa kirefu.

Nilimsindikiza mwenyewe mpaka mlangoni. Mama Sinia alimtajia orodha yake yote: pini, hereni, meno ya bandia, chuma kilichoachwa mwilini, kazi ya kuchomelea vyuma. Chiriku akajibu hapana, hapana, hapana. Aliposita kuvua blauzi, Mama Sinia alimwambia analowaambia wote, "Mficha uchi hazai, mwanangu. Vua." Chiriku akasema ameshazaa wawili, inatosha, wakacheka. Akatoka amevaa gauni la kijani lenye kamba za buluu. Uzi wa kijani uliniishia kwenye gauni la sita. Kuanzia la saba nilishonea buluu.

Nililiona hilo. Sikulifikiria.

Mpiga picha tunamwita Usitikisike, kwa kuwa ndilo neno analosema kutwa. Alimlaza Chiriku kifudifudi, gauni likiwa wazi mbele, matiti yakining'inia kwenye matundu mawili ya kifaa maalumu. Mlango ukafungwa. Mimi nilikaa kwenye benchi. Ile mashine hugonga kama mafundi watatu wanaobomoa ukuta bila kupatana. Nilitarajia nusu saa. Zilipita dakika saba, kelele zikakoma.

Kwenye picha za mwanzo, kabla hawajamchoma dawa, upande wa kushoto palikuwa na shimo jeusi, na kuzunguka shimo kila kitu kimepinda. Usitikisike alinionyesha baadaye kwenye kioo cha kompyuta. Lilikuwa kama alama ya sigara kwenye shuka.

"Hiki ni chuma," alisema. "Kidogo sana, lakini kiko papo hapo penye kazi."

Walimtoa, wakamkagua nywele, kucha, mwili mzima. Hawakupata kitu. Gauni lilikung'utwa mara mbili, likatupwa kwenye kapu la nguo chafu. Daktari anayesoma picha alikuja, akauliza kama Chiriku aliwahi kuumia kifuani akaachiwa kitu ndani.

"Nafundisha hesabu, daktari. Kinachoniumiza ni madaftari."

Daktari hakucheka. Alisema hawamrudishi ndani mpaka ijulikane chuma kiko wapi, na kama kiko mwilini huenda asirudishwe kabisa. Akapiga simu kwa daktari wa upasuaji mbele yetu. Nilisikia upande mmoja tu: "Ndiyo. Basi utaamua bila picha."

Kisha akamgeukia Mama Sinia. "Na wewe, kila siku orodha, orodha. Leo umepitisha nini?" Akamwambia aandike maelezo, yafike ofisini kabla ya Ijumaa.

Mama Sinia aliangalia sinia lake, ndani mkiwa na hereni mbili za Chiriku na pete.

Nilijua wakati ule. Kamba za buluu, gauni la saba, upande wa kushoto. Mdomo ulikuwa wangu na miguu ilikuwa yangu, na mtu niliyetakiwa kumwambia alisimama hatua nne kutoka kwangu. Nilisema, "Twende nyumbani, mama," nikamshika Chiriku mkono, tukaondoka.

Njiani alisema, "Labda ni bora walitoe tu, Mjomba, yaishe." Nilishika mwavuli.

25 Machi

Nilifika dobi saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Kapu la jana lilikuwa limeshafuliwa. Magauni yote yalikuwa yametundikwa koridoni yakichuruzika, na mvua inapiga dirisha. Nilianza na yenye kamba za buluu. Nilipoweka sumaku kwenye pindo la mbele la gauni namba saba, upande wa kushoto, kitambaa kilijivuta kidogo kuifuata. Nikafumua mshono kwa wembe. Ncha ilikuwa ndani ya mkunjo, imebanwa na mishono miwili, urefu wake haufiki punje ya mchele.

Nilikaa juu ya ndoo kwa muda.

Nilikwenda kwa Msimamizi kwanza. Alifungua daftari la sindano, akasoma "vyote vimepatikana", akaangalia sahihi yangu, kisha akaniangalia mimi.

"Miaka kumi na saba," alisema. "Wewe ndiye ninayemtolea mfano kwa wapya."

"Najua."

"Utapata barua ya onyo. Kwanza nenda kawaambie wenyewe."

Usitikisike aliichukua ile ncha kwa koleo la plastiki, akaitazama kwenye mwanga. "Imeshonwa, ndiyo maana haikuchomoka," alisema. Hakuongeza neno la kunisuta. Alifungua kitabu cha miadi. "Tarehe 27 saa moja asubuhi nitakuja mapema, kabla ya wagonjwa wengine wa siku hiyo. Bado yuko kwenye siku nzuri. Nitamwambia daktari."

Mama Sinia alikuwa chumba cha kubadilishia nguo, anaandika maelezo yake. Alikuwa amefika mstari wa tatu. Nilimweleza yote tangu simu ya Chiriku. Alinisikiliza huku kalamu iko hewani.

"Jana ulikuwa unajua?"

"Nilijua ukiwa umesimama pale."

"Ukaniacha nikalala na hilo."

"Nilikuacha."

Aliikunja ile karatasi mara nne. "Mimi nina mtoto ananisomea magazeti, Fundi, kwa sababu mwenyewe nasoma kwa shida. Orodha yangu nimeikariri, neno kwa neno, ili nisikosee. Jana usiku nimeirudia mpaka asubuhi, natafuta nilichoruka." Akanyanyuka. "Huyo binti umeshamwambia?"

"Bado."

"Basi unangoja nini hapa? Mficha uchi hazai."

Nilimkuta Chiriku shuleni, saa ya mapumziko. Nilimwambia tukiwa wima kwenye kibaraza.

"Ulikuwa unashona wakati nakupigia."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo kosa ni la simu yangu?"

"La mkono wangu. Niliandika uongo."

"Na jana, njiani, niliposema bora walitoe?"

Kengele ikalia. Alipangusa chaki mikononi, akasema, "Tarehe 27 saa moja. Usiniletee mwavuli uliotoboka," akaingia darasani. Hakuniita Mjomba.

Jioni nimeibandika ncha kwenye daftari la sindano, kando ya vipande vyake viwili. Nimekata maneno yangu ya zamani kwa mstari mmoja, yaendelee kusomeka, nikaandika chini yake: "Ncha imepatikana 25 Machi, kwenye pindo la gauni namba 7, baada ya kumharibia mgonjwa picha." Nimetia sahihi.

27 Machi

Mama Sinia alikuwa na sumaku yake mwenyewe leo. Aliipitisha kwenye gauni mbele yangu, polepole, kila pindo, kisha akaipitisha kwenye gauni hilohilo tena. Kazi ilichukua dakika arobaini. Kupitia mlango nilisikia Usitikisike akisema lile neno lake mara nyingi, na mara moja akasema, "Sasa dawa inaingia, utasikia baridi mkononi."

Chiriku alitoka na alama za kifaa kifuani na usoni. "Nimelala kama samaki kwenye wavu," alimwambia mume wake. Kwangu alitikisa kichwa tu.

31 Machi

Titi la kulia ni safi. La kushoto, ule uvimbe wa kwanza una milimita kumi na mbili. Kando yake, upana wa vidole viwili, kimeng'aa kitu kingine, milimita tano. Hakuna mkono ulioweza kukigusa wala eksirei iliyokiona. Kimetafutwa kwa ultrasaundi, kikapatikana, kikachomwa sindano ya kupima.

Mume wake ndiye aliyenipigia. Nadhani alitumia maneno ya wiki nzima.

4 Aprili

Ni saratani nayo. Daktari wa upasuaji anasema viko eneo moja, anaweza kuvitoa vyote kwa mkato mmoja na titi likabaki. Asingekijua hicho cha pili, na kama angekata kidogo, angekiacha.

Nimefikiria mwaka ule wa dada, kati ya uvimbe wa kwanza na wa pili. Tuliuita mwaka wa kupona. Alinunua viatu.

6 Aprili

Mvua imepungua. Mama Sinia ameleta magauni mawili ya kurekebisha kamba. Alikaa kwenye kiti cha wageni, jambo ambalo hajawahi kulifanya, akaniomba nimsomee barua ya mwajiri kuhusu likizo yake. Nilimsomea mara mbili. Ana siku ishirini na nne.

9 Aprili

Upasuaji ulichukua saa mbili. Sikushona chochote.

16 Aprili

Majibu yametoka. Kingo za nyama iliyotolewa ni safi pande zote, na tezi za kwapani walizopima ni safi. Bado mionzi na vidonge vya miaka. Chiriku alinipigia mwenyewe.

"Mjomba, umekaa au umesimama?"

Nilikuwa nimesimama. Nilikaa.

22 Aprili

Jua siku ya nne mfululizo. Korido ya dobi haina nguo hata moja.

Chiriku amekuja baada ya kliniki na blauzi yake ya kijivu. Upande wa kushoto sasa unampwaya kidogo, anataka ubanwe. "Kidogo tu," alisema. "Sitaki watu wadhani nimevaa ya mtoto." Nilipokuwa napima aliona sabuni kwenye rafu, na zile sindano mbili za mama yake, uzi umepauka. Alichukua kopo langu la sindano za mkono, akakaa kwenye kiti cha wageni, akaanza kutia uzi moja baada ya nyingine na kuzichomeka kwenye ile sabuni. Alifika kumi, akaacha.

Kitambaa cha ile blauzi ni kigumu kwenye mshono wa kwapa. Sindano ya cherehani ikavunjika.

Tuliangaliana. Kisha tukapiga magoti wote wawili, yeye akiushikilia mkono wa kushoto kifuani kwa sababu bado unamvuta, tukatafuta. Kichwa kilibaki kwenye mashine. Cha kati kilikuwa mapajani mwangu. Ncha aliiona yeye, chini ya kanyagio.

Vipande vitatu. Nilivibandika, nikavihesabu, akavihesabu yeye. Nilipoinua kalamu aliniambia ningoje, akahesabu tena.

"Haya, Mjomba," akasema. "Andika."